Moto wa Kijani: Utangulizi kwa Anayeanza Kusoma Moshi wa Taka za Kielektroniki

Waya wa shaba ukichomwa pamoja na plastiki yake, mwali hugeuka kijani, pengine kijani kilichochanganyika na bluu. Vijana wanaochoma nyaya kwenye yadi za skrepa wanaifahamu rangi hiyo, ingawa kwao ni dalili tu kwamba kazi inakwenda: plastiki inaungua, shaba inaanza kuonekana. Mwaka 1872 mkemia Friedrich Beilstein aliifanya rangi hiyohiyo kuwa kipimo. Unapasha moto ncha ya waya wa shaba, unaichovya kwenye kitu unachotaka kukichunguza, unairudisha kwenye mwali. Ukiona kijani, basi huenda ndani ya kitu hicho kuna klorini, bromini au iodini. Kipimo hicho kilifundishwa kwa zaidi ya karne moja kabla watafiti wa Ujerumani hawajaonyesha, mwaka 1992, kwamba chenyewe kinaweza kuzalisha dioksini, jamii ya sumu kali, palepale maabarani. Kiasi ni kidogo mno. Lakini viungo vyote vipo: shaba, klorini, kaboni, na joto la kuviunganisha.

Anayechoma kilo hamsini za nyaya nyuma ya ukuta anafanya kipimo cha Beilstein bila kujua, na anakifanya kila jioni.

Taaluma tunayoingia inauliza jambo moja kwa namna nyingi. Taka za umeme na elektroniki zikipata joto, liwe la kibiriti na tairi bovu, la jiko la mkaa au la tanuri la kiwanda kikubwa, kinatoka nini, kinatokaje, kinakwenda wapi, na kinaishia mwilini mwa nani? Wanaojibu ni mchanganyiko wa watu wasiofanana: wakemia wa mwako, wapimaji wa sumu, madaktari wa watoto, wahandisi wa madini, na wachache wanaokaa na wauza skrepa kujua kwa nini wanafanya wanavyofanya. Kuingia humu kunahitaji kemia ya kidato cha nne na subira ya kusoma namba ndogo sana. Kunahitaji pia kuacha dhana moja ambayo karibu kila mtu huja nayo.

Dhana yenyewe ni kwamba sumu imo ndani ya kompyuta, imefungiwa, na moto unaifungulia. Kwa risasi, zebaki na kadimi hiyo ni kweli: kilichotoka kwenye moshi kilikuwa ndani ya kifaa tangu kiwandani. Kwa dioksini si kweli. Waya mpya hauna dioksini ya kuzungumzia. Dioksini inaundwa, na inaundwa kwa wingi zaidi moshi unapopoa. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua karibu kila kitu kingine: tanuri lijengweje, sheria iseme nini, sampuli ichukuliwe wapi, na kwa nini ushauri wa kusema "chomeni kwa uangalifu" hauna maana yoyote.

Tuanze na malighafi. Ripoti ya kimataifa ya taka za kielektroniki iliyotolewa 2024 ilikadiria kwamba dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo mwaka 2022, na kwamba asilimia 22.3 tu ndizo zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa kwa njia rasmi. Barani Afrika sehemu hiyo haifiki asilimia moja. Ndani ya mlima huo kuna chuma, aluminiamu na kioo ambavyo havitushughulishi sana hapa. Kinachotushughulisha ni vitu vitatu. Cha kwanza ni PVC, plastiki ileile ya mabomba, ambayo huvalishwa nyaya: kwa uzito, karibu asilimia 57 yake ni klorini. Cha pili ni bromini, iliyomo kwenye dawa za kuzuia moto. Bodi ya simu au redio ni nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ngumu, na gundi hiyo kwa kawaida imechanganywa na dawa iitwayo tetrabromobisfenoli A. Kasha la televisheni ya zamani lina dawa nyingine, jamii ya PBDE. Zote ziliwekwa kwa nia njema, ili televisheni isilipuke moto sebuleni. Cha tatu ni shaba, ambayo imesambaa kila mahali na ndiyo inayotafutwa.

Klorini, bromini na shaba: ungepewa kazi ya kubuni taka inayofaa zaidi kutengeneza dioksini, ungeandika orodha hiyohiyo.

Hadithi ya jinsi tulivyofika kulijua hilo inaanzia Amsterdam. Mwaka 1977 Kees Olie na wenzake walichunguza majivu mepesi yanayoruka na moshi wa matanuri ya takataka za mjini, wakakuta dioksini na ndugu zake wa karibu, furani, ndani yake. Ilikuwa mwaka mmoja tu baada ya ajali ya Seveso, Italia, ambako wingu kutoka kiwanda cha kemikali lilimwaga dioksini juu ya makazi ya watu, watoto wakatokwa na vipele vya klorini usoni. Hadi hapo dioksini ilikuwa tatizo la viwanda vya dawa za magugu. Olie aliihamishia kwenye takataka za kila siku.

Kampuni ya kemikali ya Dow ya Marekani ikajibu kwa hoja ambayo bado unaisikia: moto wowote hutoa dioksini, umetoa tangu binadamu alipogundua kuwasha kuni, kwa hiyo tusiilaumu klorini ya viwandani. Hoja ilikuwa na mantiki, na ilihitaji jibu la vipimo. Jibu lilitoka kwenye matope. Ronald Hites na wanafunzi wake walichimba tope la ziwa Siskiwit, ziwa dogo lililo ndani ya kisiwa cha Isle Royale katika Ziwa Superior. Ziwa hilo halina kiwanda kando yake wala mto unaoleta taka za mji, kwa hiyo chochote kilichomo kilishuka kutoka angani. Walilisoma tope safu kwa safu na kuchapisha matokeo mwaka 1984. Dioksini zilianza kupanda karibu na 1940, wakati kemikali za klorini zilipoanza kutumika kwa wingi; hazikupanda pamoja na makaa ya mawe, ambayo yalikuwa yamechomwa kwa miongo mingi kabla ya hapo. Moto wa kale upo, na unatoa chembe zake. Lakini moto wa kisasa unalishwa chakula kingine. Kwa maoni yangu hakuna makala nzuri kuliko hiyo ya kumpa mwanafunzi aone jinsi ubishi wa kisayansi unavyomalizwa.

Ikabaki kujua dioksini inaundwa vipi. Mwaka 1987 watafiti wa Karlsruhe, Ujerumani, akiwemo Ludwig Stieglitz, walionyesha njia ambayo leo ndiyo kiini cha somo: dioksini inaweza kujengwa upya kabisa kutoka kwenye masizi. Chukua masizi ambayo hayana dioksini hata kidogo, yape klorini, oksijeni na chembe za shaba, yaweke kwenye joto la kati ya nyuzi 200 na 400 za sentigredi, karibu na 300 ikiwezekana. Kaboni iliyomo kwenye masizi inavunjika vipandevipande, na baadhi ya vipande hivyo ni pete mbili za kaboni zilizounganishwa kwa oksijeni na kubeba klorini pembeni. Hiyo ndiyo dioksini. Ipo njia ya pili, ya vipande vilivyokwisha kuwa nusu ya umbo hilo, kama klorofenoli, kukutana viwili viwili na kushikana. Katika moshi wa taka za kielektroniki njia zote mbili zinafanya kazi kwa wakati mmoja.

Shaba hapa ni dalali. Inaichukua klorini iliyofungwa kwenye asidi ya haidrokloriki, inaigeuza kuwa klorini yenye hamu ya kuunganika, inaikabidhi kwa kaboni, kisha inarudi sokoni kutafuta wateja wengine na mtaji wake haujapungua hata senti. Ndiyo maana chembe kidogo zinatosha. Chuma kinaweza kufanya kazi hiyo pia, lakini kwa uvivu. Katika majaribio mengi ya kulinganisha metali, shaba ndiyo imekuwa mbele. Na waya uliovikwa PVC umeweka shaba na klorini mgongo kwa mgongo.

Sasa tunaweza kulielewa lile jambo la joto. Juu ya nyuzi 850 hivi, moshi ukikaa humo sekunde mbili na hewa ya kutosha, dioksini zinavunjika. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka hivyo hasa: nyuzi 850 kwa sekunde mbili, na 1,100 ikiwa taka ni hatarishi na zina zaidi ya asilimia moja ya klorini iliyoshikana na kaboni. Msomaji mgeni huishia hapo na kuhitimisha kwamba dawa ni moto mkali. Lakini moshi hauwezi kubaki kwenye nyuzi 850 milele. Lazima upoe, na unapopoa unapita tena kwenye nyuzi 400, 300, 250, ukiwa umebeba masizi, klorini na vumbi la shaba. Tanuri zuri kwa hiyo linahukumiwa kwa ngazi zake za kushukia. Moshi unapozwa ghafla, mara nyingi kwa kunyunyiziwa maji, ili uvuke eneo hilo la hatari haraka iwezekanavyo; baada yake kuna unga wa mkaa wa kunasa kilichobaki na mifuko ya kuchuja vumbi. Kikomo cha Ulaya ni nanogramu 0.1 kwa kila mita ya ujazo ya hewa inayotoka kwenye bomba. Viwanda vinavyokifikia vipo, na gharama yake inaonekana zaidi kwenye mitambo ya kusafisha moshi kuliko kwenye tanuri lenyewe.

Moto wa wazi hauna ngazi. Katikati ya rundo kuna joto kali kidogo, pembeni linafukuta, na moshi wote unapoa polepole huku ukigusana na shaba iliyo moto. Ni kana kwamba umeandaliwa kukaa kwenye eneo lilelile la hatari.

Bodi zina mkasa wake, na hapa pana jambo ambalo huwa nalirudia darasani hadi wanafunzi wanachoka. Risasi ya kuchomelea ya zamani, mchanganyiko wa bati na risasi, huyeyuka kwenye nyuzi 183. Ile isiyo na risasi, iliyoenea baada ya sheria ya Ulaya kuanza kutumika Julai 2006, huyeyuka karibu na nyuzi 217. Anayetaka kung'oa chipu kwenye bodi anahitaji joto la juu kidogo ya hapo, basi. Huko Guiyu, mji wa jimbo la Guangdong nchini China, kazi hiyo ilifanywa kwa miaka mingi na familia nzima: bodi juu ya bati lililowekwa kwenye makaa, mama ameinama na koleo, chipu inalegea, inadondoshwa kwenye ndoo, bodi inayofuata. Hakuna mwali mkubwa wala moshi mzito mweusi, na mtazamaji anaweza kudhani ni kazi salama kuliko kuchoma. Lakini joto linalolegeza risasi ya kuchomelea limepakana na joto ambalo dawa ya bromini inaanza kuvunjika na dioksini zinaanza kuundwa. Ufundi na sumu vimepewa nyuzi zilezile. Kumwambia mtu apunguze moto ni kumwambia aache kazi.

Bromini yenyewe inastahili kitabu chake, nami nitaidokeza tu. Mwaka 1986 Hans-Rudolf Buser wa Uswisi alipasha moto dawa za PBDE kwenye nyuzi 510 hadi 630 na kupata dioksini na furani zenye bromini mahali pa klorini. Njia ni fupi kuliko ya klorini, kwa sababu molekuli ya PBDE tayari ina pete mbili na oksijeni katikati. Inabakia kufunga upande wa pili tu. Na palipo na klorini na bromini pamoja, kama kwenye rundo lolote la skrepa, zinatokea pia zile za mchanganyiko, zenye zote mbili, ambazo kwa hesabu ya makaratasi ni maelfu. Ushahidi wa maabara unaonyesha kwamba zile zenye bromini zinagusa kipokezi kilekile cha mwilini kama ndugu zao wa klorini, na mwaka 2011 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walipendekeza zipewe kwa muda uzito uleule wa sumu. Hata hivyo vikomo vingi vya kisheria bado vinahesabu klorini peke yake. Uswisi ilipendekeza mwaka 2024 ziingizwe kwenye Mkataba wa Stockholm. Kwa hiyo ukisoma kwamba kiwanda fulani cha kurejeleza bodi kiko ndani ya kikomo, uliza kwanza kama bromini ilipimwa. Mara nyingi haikupimwa, na hapo ripoti inakuwa imekuambia habari za nusu ya moshi.

Hilo linatuleta kwenye namna ya kusoma namba. Kuna aina 210 za dioksini na furani zenye klorini, 75 na 135. Ni 17 tu zinazohesabiwa kuwa na sumu ya kipekee, zile zenye klorini kwenye pembe nne maalumu. Kila moja imepewa uzito wake ukilinganishwa na TCDD, iliyo kali kuliko zote na yenye uzito wa moja. Jumla ya viwango vyao, kila kimoja kikizidishwa kwa uzito wake, ndiyo TEQ unayoiona kwenye kila jedwali. Ukikutana na namba ya dioksini isiyo na TEQ pembeni yake, usiilinganishe na yenye TEQ. Angalia pia ni kwa kila nini: kwa mita ya hewa, kwa gramu ya udongo, kwa gramu ya mafuta, au kwa tani ya taka iliyochomwa.

Kwa namba ya mwisho hiyo, kwa kila tani, mwongozo wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa wa kukadiria dioksini unasema mengi katika mistari miwili. Tanuri la takataka za mjini lenye mitambo bora ya kusafisha moshi linakadiriwa kutoa hewani mikrogramu 0.5 za TEQ kwa kila tani. Kuchoma nyaya mahali pa wazi: mikrogramu 12,000. Gawanya mwenyewe. Namba hiyo ya nyaya imesimama juu ya majaribio machache, mojawapo likiwa la maabara ya Marekani ambako Brian Gullett na wenzake walichoma nyaya na bodi wakiiga yanayofanyika uwanjani. Katika jaribio hilo bodi zilitoa kidogo sana kuliko nyaya. Msomaji mwepesi atasema basi bodi si tatizo. Msomaji mwangalifu atakumbuka aya iliyotangulia kuhusu bromini.

Sumu hii haishii kwenye pua ya mchomaji. Kwa watu wengi, Shirika la Afya Duniani linasema, zaidi ya asilimia 90 ya dioksini huingia kwa chakula, hasa nyama, maziwa, samaki na mayai, kwa kuwa dioksini hupenda mafuta. TCDD ikishaingia mwilini, nusu yake huchukua takriban miaka saba kutoka. Agbogbloshie, Accra, ndiko lilikoonekana hilo kwa uwazi wa kutisha. Kando ya rasi ya Korle kulikuwa na yadi kubwa ya skrepa, hadi ilipobomolewa Julai 2021, na humo nyaya zilichomwa kwa kuwashiwa sponji za friji mbovu na tairi. Kuku walikuwa wakizurura humohumo. Kuku wa kienyeji akidonoa punje anadonoa na udongo, na mafuta ya kiini cha yai yanahifadhi kile udongo ulichobeba. Utafiti uliochapishwa 2019 na mitandao ya IPEN na Basel Action Network ulikuta kwamba mtu mzima akila yai moja tu la hapo anavuka mara 220 kiwango cha siku kinachovumilika kwa mujibu wa mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya. Yai lilikuwa limefanya kazi ya maabara: limekusanya, limehifadhi, na ganda limelifunga. Ndiyo maana watafiti wa Afrika wanalipenda. Mashine ya kupima dioksini ni ghali na maabara ni chache, lakini yai linasafirishwa.

Metali zina njia yao. Risasi haichemki hadi nyuzi 1,749, na mtu anaweza kujifariji kwamba moto wa nyaya haufiki huko. Faraja hiyo ni ya uongo. Risasi ikikutana na klorini au bromini motoni inageuka chumvi inayopaa kwenye joto dogo zaidi, na hivyo hivyo zinki, na antimoni inayowekwa makusudi pamoja na dawa za bromini. Zinapaa, zinapoa, zinashika kwenye masizi madogo yanayofika ndani kabisa ya mapafu. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Shantou, wakiongozwa na Huo Xia, walichapisha 2007 vipimo vya damu vya watoto wa Guiyu walio chini ya miaka sita: wastani wa mikrogramu 15.3 za risasi kwa desilita, ikilinganishwa na 9.94 kwa watoto wa mji jirani wa Chendian usiofanya kazi hiyo. Kiwango cha rejea cha Marekani leo ni 3.5. Hata mji wa kulinganishia haukuwa salama.

Pwani yetu ina somo lake la risasi, ingawa lilihusu betri za magari na siyo bodi. Owino Uhuru, Mombasa, ilikuwa jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu hadi 2014. Phyllis Omido, aliyeajiriwa hapo akagundua mwanawe ameathirika, alipewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mahakama iliamuru mwaka 2020 wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Na baada ya rufaa, Mahakama ya Juu iliirejesha hukumu hiyo Desemba 2024. Naitaja kwa wanafunzi wanaodhani joto la kiwanda chenye ukuta na leseni ni jambo jingine. Hata matanuri yanayosifiwa duniani hayako nje ya somo hili. Umicore huko Hoboken, Ubelgiji, huyeyusha bodi na kutoa dhahabu, fedha na metali nyingine nyingi kwa ustadi mkubwa, na watoto wa mtaa ulio kando yake hupimwa risasi ya damu mara kwa mara.

Je, kifanyike nini? Hapa wataalamu wamegawanyika, na mgeni asijione mjinga asipopata upande mara moja. Kundi moja linataka skrepa zikusanywe na kupelekwa kwenye matanuri makubwa machache, kwa sababu ngazi za kupozea moshi ni ghali na hazijengeki kila kata. Kundi jingine linasema moto usiwepo kabisa pale usipohitajika: nyaya zichunwe kwa mashine, bodi zitenganishwe kwa mikono, kama inavyofanyika kwenye kituo cha Bugesera, Rwanda. Wengine wanafanyia kazi upashaji joto bila oksijeni, unaogeuza plastiki kuwa mafuta na gesi. Ni mbinu yenye ahadi, ila mafuta hayo hutoka yamejaa bromofenoli, na mwenye kuyachoma bila kuyasafisha amehamisha tatizo kwenye pipa.

Mimi niko na kundi la pili, kwa kiasi. Mashine za kuchuna nyaya zilipelekwa Agbogbloshie mwaka 2014, lakini kuchoma hakukukoma, na sababu yake iko wazi kwa yeyote aliyewahi kushika waya wa chaja. Waya mnene wa kuingizia umeme nyumbani unachunika kwa dakika. Shaba yake inatoka inang'aa na dalali anailipa bei ya juu kuliko iliyoungua. Waya wa chaja, wa spika za masikioni, wa ndani ya redio, ni mwembamba kama uzi. Kuuchuna kilo moja kunakula siku, na mashine ndogo inaukatakata. Moto unaumaliza kwa robo saa. Kwa hiyo atakayeukomesha moto ni yule atakayenunua nyaya nyembamba pamoja na plastiki yake, kwa bei inayomlipa kijana zaidi ya shaba iliyoungua, akazisage na kuzitenganisha kwa mashine kubwa. Miradi iliyojaribu kununua hivyo imeonyesha kwamba wauzaji wapo. Swali ni nani analipa tofauti ya bei, na kwa muda gani. Tangu 1 Januari 2025 Mkataba wa Basel unataka taka zote za kielektroniki zivuke mipaka kwa idhini ya nchi inayopokea, ziwe hatarishi au la, lakini mkataba huo haugusi waya uliokwisha kuwa ndani ya nchi, ulionunuliwa Kariakoo na kutupwa Temeke.

Ukitaka kuchangia taaluma hii, si lazima uanze na mashine ya mabilioni. Diski ya sponji ikitundikwa chini ya kibakuli cha chuma kwa miezi michache inanasa dioksini za hewani na inaweza kutumwa maabara ya mbali. Ni polyurethani, ndugu wa sponji ileile ya friji inayowashia nyaya. Lakini pengo kubwa zaidi halihitaji hata sponji. Makadirio ya taifa ya dioksini ni kuzidisha tu: mikrogramu kwa tani, mara tani zilizochomwa. Upande wa kwanza umefanyiwa kazi na maabara za Ulaya, Marekani na China. Upande wa pili mara nyingi hukadiriwa mezani. Mwanafunzi mwenye mizani, daftari na ukaribu na wauza skrepa wa mjini kwake anaweza kuandika, kwa wiki kadhaa mfululizo, ni kilo ngapi za nyaya zinaingia yadi, ngapi ni nene na ngapi nyembamba, ngapi zinachunwa, ngapi zinachomwa na saa ngapi, na shaba iliyoungua inauzwa pungufu ya ile inayong'aa kwa shilingi ngapi. Aende mapema asubuhi, kabla mizigo haijaanza kupakuliwa, na amwombe mwenye mizani ruhusa kabla ya kuandika chochote.